Panya wasio na TLR4 hawanenepi sana: sababu ni kipokezi au ni uzito?

Mdodosi
Wakuu, naomba mnikosoe mpango huu. Panya dume wa C57BL/6 (ukoo wa panya wa maabara), wenye TLR4 (kipokezi cha kinga kinachotambua vipande vya bakteria) na waliofutiwa jeni yake, wanaanza wakiwa na wiki 8. Kwa wiki 16 wanakula chakula ambacho 60% ya kalori zake ni mafuta. Kundi la kulinganishia linakula chakula cha kawaida cha banda. Mwishoni wanafunga usiku kucha, kisha wanadungwa glukosi gramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Wasio na kipokezi wakiwa wepesi zaidi na sukari yao ikashuka haraka, inatosha kusema TLR4 ndiyo inayoleta usugu wa insulini?

Kongosho
Haitoshi, mkuu. Panya mwembamba huitikia insulini vizuri hata vipokezi vyake vyote vikiwa kamili. Ukipima wiki ya 16, utakuwa umepima tofauti ya uzito. Pima wiki ya 1 hadi ya 3, kabla uzito haujaachana, halafu urudie mwishoni. Tofauti ikionekana mapema, hapo kipokezi kina hoja.

Njia nyingine ni kugawa chakula: gramu alizokula jana yule mwepesi ndizo anazopewa leo mwenye kipokezi. Usimwekee zote kwa mkupuo. Atazimaliza kwa saa chache, akae na njaa siku nzima, na njaa hiyo pekee inabadili sukari. Gawa mara 2 au 3, sehemu kubwa iwe ya usiku maana ndipo panya hula.

Dozi yako nayo ina kasoro. Panya wa gramu 45 anapata miligramu 90 za glukosi, wa gramu 30 anapata 60. Gramu 15 zilizozidi kwa mnene ni mafuta zaidi, nayo hutumia glukosi kidogo kuliko misuli, kwa hiyo mnene ataonekana mgonjwa kuliko alivyo. Kokotoa dozi kwa uzito usio wa mafuta.

Kufunga iwe saa 6 kuanzia asubuhi. Usiku kucha humaliza karibu glaikojeni (akiba ya glukosi) yote ya ini. Chukua damu dakika ya 0, 15, 30, 60, 90 na 120, na dakika ya 0 na 15 upime insulini pia. Sukari ileile yenye insulini mara mbili ni habari tofauti kabisa.

Seli_Mafuta
Naongezea ya panya wenyewe. C57BL/6J, tawi moja la ukoo huo, ana jeni ya Nnt iliyoharibika, na hiyo inagusa utoaji wa insulini. Tawi jingine, 6N, analo nzima. Ukilinganisha panya waliofutiwa jeni kwenye ukoo wa 6N na wale wa J wa kununua, utaisingizia TLR4 kosa la Nnt. Zalisha wenye nakala moja nzima ya jeni ya TLR4 kwa wenzao wenye nakala moja, ulinganishe ndugu wa tumbo moja.

Chakula cha banda hakifai kulinganishia. Kina nyuzi nyingi na mara nyingi soya, hivyo bakteria wa utumbo hubadilika bila mafuta kuhusika. Tumia chakula kilichosafishwa chenye viambato vilevile, mafuta yakiwa 10% ya kalori.

Na TLR4 iko kwenye makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu), seli za mafuta, ini na ubongo. Ukiifuta mwili mzima hutajua ni wapi inafanya kazi. Ifute kwa Cre, kimeng'enya kinachokata jeni kwenye aina ya seli uliyochagua: LysM-Cre kwenye makrofaji na Adipoq-Cre kwenye seli za mafuta. Achana na aP2-Cre, inavuja hadi kwenye makrofaji na ubongo. Weka pia kundi lenye Cre peke yake.

Mdodosi
Asante sana. Na matumizi ya nishati, nigawe kwa uzito wa mwili?

Kongosho
Hapana. Ukigawa, mnene ataonekana anaunguza kidogo kwa sababu tu namba ya kugawia imekua. Weka uzito kama kigezo ndani ya ANCOVA, hesabu ya takwimu inayolinganisha makundi huku ikizingatia tofauti ya uzito. Angalia na joto la chumba: kwenye nyuzi 22 panya anaunguza nishati nyingi kujipasha moto. Panya wasio na UCP1 (protini inayozalisha joto kwenye mafuta ya kahawia) walionekana wakinenepa kirahisi walipowekwa karibu nyuzi 30.

Seli_Mafuta
Makombo pia, mkuu. Chakula cha mafuta 60% ni laini, kinameguka na kujificha kwenye matandiko. Chekecha matandiko ya kila kizimba, pima makombo, toa kwenye hesabu. Gramu 0.5 kwa siku ni zaidi ya kilokalori 2.5, na hiyo yatosha kukuonyesha ulaji ambao haukuwepo.