Mwamba wa pweza ukifunguliwa, nani aingie mwanzo?

Mchokoaji: Kisiwa Panza huku Pemba, na hata Songosongo kule Kilwa, watu wamefunga miamba ya pweza, hakuna kuvua, kwa miezi kisha wakaifungua. Kufunga sikupingi. Pweza hukua mbio, umri wake mfupi, na jike hutaga mara moja tu akafa. Madagascar, kijiji cha Andavadoaka, walianza 2004. Ninachopinga ni siku ya kufungua. Mimi nachokoa kwa miguu, nangoja bamvua, siku za maji kupwa sana, nangoja maji yatoke. Miezi yote nimejizuia, watoto wanakula muhogo mkavu. Siku ikifika, vijana wa miwani, wanaozamia, wameshatangulia na boti, tena wengine wametoka dago, kambi za wavuvi wageni, hata jina la mwamba hawalijui. Nafika na mchokoo wangu, fimbo ya kumtoa pweza shimoni, mashimo matupu. Siku mbili za mwanzo ziwe za wanaotembea kwa miguu.

Kijana wa miwani: Shikamoo bi mkubwa. Pweza wa kilindini mchokoo wako haumfikii, kwa hiyo hatukukuibia. Na doria za usiku nani alikesha? Sisi.

Mchokoaji: Marahaba mwanangu. Mlikesha kwa mafuta ya boti yaliyolipwa kwa makato ya mauzo, na mauzo yangu hukatwa pia. Kilindini sikutaji. Nasema pale panapokauka, mnapopita maji yakiwa bado kiunoni.

Mnunuzi: Mimi nina sababu yangu. Mkiingia wote siku moja, adhuhuri haijafika barafu imekwisha, na bei naishusha, siwafichi. Mkigawana siku, mzigo unakuja taratibu.

Mtu wa Kojani: Hilo la dago limenichoma. Wazee wetu wa kisiwa cha Kojani, Pemba, wamepiga dago pwani yote hii, mpaka Kenya, wakapokewa. Leo mgeni awe mwizi?

Mchokoaji: Hao wazee wenu wakifika walikwenda kwanza kwa mzee wa mji, wakaomba. Hawa wa sasa wanatia nanga usiku. Akiomba, siku ya tatu karibu.

Kijana wa miwani: Basi siku mbili, panapokauka tu, kilindini mtuachie. Ila na mimi nina sharti: pweza chini ya nusu kilo asitolewe shimoni, hata anayechokoa akiwa bibi yangu.

Mchokoaji: Bibi yako ndiye mwenzangu wa kila bamvua. Kamwambie wewe.