Tupeane uzoefu: kubadilisha maji ya breki na kutoa upepo mwenyewe nyumbani

Kanyaga Shikilia
Wakuu, leo nimemsikia jirani anafoka uani: "Shikilia! Nimesema shikilia, usiachie!" Sikuhitaji hata kuchungulia. Gari iko juu ya jeki, yeye kalala chini na spana, mkewe yuko kwenye pedali. Hii kazi inavunja ndoa za watu. Mliowahi kujibadilishia maji ya breki wenyewe, tupeane uzoefu: nani alikukanyagia, nini kiligoma, na gari ilisimama au ilikataa?

Bibi Spana
Kwetu mimi ndiye mkanyagaji. Shida yenu mnaanza kufoka kabla hamjakubaliana ishara. Sisi tunajibizana: mume wangu akisema "kanyaga" nakanyaga na kumjibu "tayari". Anafungua nipeli (kile kiskurubu cha kutolea maji na upepo kwenye breki ya tairi), pedali inazama polepole, mguu hautoki. Akisema "imefungwa" ndipo natoa mguu. Ukitoa mguu nipeli ikiwa wazi, pedali ikirudi juu inavuta hewa kutoka nje, na upepo mliotoa wote umerudi ndani.

Mzee wa Diski
Umemaliza kila kitu dada.

Gia ya Pili
Hii mada imenigusa pabaya, vumilieni, ni ndefu.

Gari nilinunua mkononi mwa mtu. Breki nzuri, pedali ngumu, pedi zina nyama ya kutosha. Maji ya breki sikuyawaza, nani anayawaza? Siku hiyo tumejaa watu na mizigo, tunashuka mteremko mrefu wenye kona. Otomatiki, nimeacha kwenye D, mguu uko kwenye breki muda wote. Ikaanza harufu ya kuungua, nikajua ni lori la mbele. Lori likakata kona likapotea, harufu ikabaki.

Kona iliyofuata pedali ikawa laini. Nikakanyaga tena, ikashuka mpaka kwenye zulia. Hakuna kitu chini. Jamani, mguu kugusa sakafu huku gari inaongeza mwendo ni kitu ambacho mwili hausahau. Nikapampu harakaharaka, ikashika kidogo, ikazama tena. Nikavuta gia hadi 2, injini ikapiga kelele, mwendo ukapungua, nikaweka L. Handibreki nikaivuta taratibu nimebonyeza kitufe, ili ikitaka kufunga matairi niilegeze. Mwisho nikaegemeza upande wa kushoto kwenye ukingo wa udongo, tukakwaruza, tukakwaruza, tukasimama.

Kilichonitisha zaidi kilikuja baadaye. Tulikaa pale mpaka matairi yakapoa, nikakanyaga pedali: ngumu kama ilivyokuwa asubuhi! Hakuna tone lililovuja popote. Fundi alipofungua nipeli yakatoka maji meusi ti. Akanieleza kwamba maji ya breki yananyonya unyevu kidogo kidogo, hata yakikaa ndani ya mfumo uliofungwa. DOT ni daraja la maji ya breki: DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji ya asilimia 3.7 kiwango chake ni 155 tu. DOT 3 ni 205 ikiwa mpya, 140 ikishalowa. Pedi zikipata moto mteremkoni, yale maji yanachemka kwenye kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski. Maji hayabanwi ila mvuke unabanwa, kwa hiyo mguu wako unabana mvuke na pedi hazisogei. Vikipoa, mvuke unarudi kuwa maji na ushahidi umepotea.

Tairi Kipara
Aisee. Mimi ningezima injini.

Gia ya Pili
Ukizima unapoteza usukani wa pawa, na ukishakanyaga mara chache unapoteza na haidrovaki, ile inayousaidia mguu kwenye breki. Na ile injini ndiyo ilikuwa breki kubwa niliyobaki nayo. Usizime.

Mzee wa Diski
Nani alikaa siti ya mbele?

Gia ya Pili
Mama mkwe.

Bibi Spana
Bado anapanda gari yako?

Gia ya Pili
Anapanda. Anakaa nyuma, na kabla hatujaondoka anauliza maji ya breki yamebadilishwa lini.

Dokta Pampu
Mama mkwe huyo anazidi mafundi wengi. Watengenezaji wengi wanasema kila miaka miwili hivi, hata kama gari inalala tu.

Turudi kwenye mada. Anza na tairi la mbali kuliko yote na masta silinda (ile pampu inayosukumwa na pedali), malizia la karibu. Sheria ndiyo hiyo.

Upepo Mbaya
Sheria ya nani? Gari nyingi zinazovutwa na matairi ya mbele mfumo umegawanywa kimshazari, tairi la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande wa pili. Kitabu cha gari yangu kina mpangilio tofauti kabisa na huo wako.

Dokta Pampu
Mimi nimetoa upepo kwenye gari za kila aina, na mpangilio wangu haujawahi kuniangusha.

Upepo Mbaya
Sijasema umeanguka. Nimesema soma kitabu.

Tairi Kipara
Mimi huanza popote jua halijafika. Sijafa.

Upepo Mbaya
Bado.

Msela wa Jeki
Wakati mnagombania matairi, sikieni hii. Shemeji alileta gari ambayo pedali yake ilikuwa sponji hata ufanyeje. Tumetoa upepo, chupa baada ya chupa, hewa haitoki tena lakini pedali bado laini. Tukaanza kuilaumu masta silinda, ikabaki kidogo tununue nyingine. Mpwa wetu, kijana wa shule, amechuchumaa anatazama tu, akauliza: "Mbona hiki kinipeli kimeangalia chini?" Kimya. Mtu aliyezifunga kalipa kabla yetu alikuwa amebadilisha ya kulia kwa ya kushoto! Nipeli ikiwa chini, hewa inakaa juu ya kalipa inakucheka. Tukazirudisha pande zake, tukatoa upepo mara moja, pedali ikawa jiwe.

Bibi Spana
Mpwa apewe gari.

Peke Yangu
Sisi tusio na mke wala mpwa: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha moja kwenye nipeli, nyingine imezama kwenye chupa yenye maji ya breki. Fungua nipeli robo duru, acha yajichuruzikie yenyewe. Ni polepole lakini hakuna kelele. Kazi yako ni kuchungulia kile kikopo cha juu cha maji ya breki na kuongeza kabla hakijakauka.

Dokta Pampu
Kikikauka umeita balaa, hasa kwenye gari zenye ABS, ule mfumo unaozuia matairi yasifunge ukikanyaga breki. Hewa ikiingia kwenye ile pampu ya ABS mara nyingi haitoki kwa mguu, mpaka ichomekwe kompyuta iamrishe vali zifunguke. Ukibadilisha tu bila kuruhusu hewa iingie, gari nyingi hazisumbui. Haibridi ni habari nyingine, breki zake nyingi zina pampu ya umeme. Usizishike kienyeji.

Mzee wa Diski
Gari kuukuu msikandamize pedali mpaka sakafuni. Masta silinda imezoea kutembea sehemu moja, huko mbele kuna kutu na uchafu, mipira ikifika huko inachanika. Weka kipande cha ubao chini ya pedali. Nimeona watu wanaanza kazi na breki nzima, wanamaliza na masta silinda mbovu.

Tairi Kipara
Na nipeli iliyoshika kutu? Mimi naipiga moto.

Upepo Mbaya
Moto karibu na mipira na maji ya breki?! Mwageni dawa ya kulegeza kutu jana yake, spana ya ringi ya pembe sita, gongagonga kwa nyundo ndogo. Ikianza kujinyonga, acha. Ikikatika ndani utaijutia.

Tairi Kipara
Jana yake siwezi kurudi mkuu.

Mgeni Uani
Wakuu mimi bado mgeni. DOT 5 si ndiyo kubwa kuliko 4? Niweke hiyo?

Dokta Pampu
Hapana! DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine. Inayochanganyika na 3 na 4 ni 5.1. Fuata iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Na asikudanganye mtu uweke oili ya injini au ya usukani, mipira yote itavimba.

Peke Yangu
Na ukimwagia rangi ya gari, usifute kwa kitambaa kikavu. Mwaga maji mengi hapohapo, la sivyo rangi inabanduka.

Mgeni Uani
Asante wakuu. Nina chupa ya DOT 4 niliifungua mwaka jana, imebaki nusu. Naweza kuanzia hiyo?

Bibi Spana
Imeshanyonya unyevu. Usiitumie.

Mgeni Uani
Kifuniko nilikibana vizuri lakini.

Bibi Spana
Usiitumie.

Gia ya Pili
Nikupe namba ya mama mkwe?