Ushauri: nifundisheje ufufuo jumuiyani wakati wenzetu bado wana msiba?

Mwanajumuiya
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Alhamisi baada ya Pasaka ni zamu yangu kufundisha jumuiyani, dakika 30. Nataka mtu akirudi nyumbani ajue ufufuo unamhusu vipi Ijumaa asubuhi. Tena kuna familia imefiwa na mama mwezi huu. Nianzie wapi, na nikwepe nini?

Katekista
Asifiwe milele. Anzia 1 Wakorintho 15. Dakika 10 za kwanza ni mstari wa 3 hadi 8: Paulo anakabidhi alichopokea, anataja mashahidi. Kefa, Thenashara, ndugu zaidi ya 500, Yakobo, mitume wote, kisha yeye. Anaongeza kuwa wengi wa wale 500 wangali hai, yaani anayetaka akawaulize. Halafu mstari wa 14, kwamba kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure. Usome polepole, usiukimbie.

Mstari wa 20 ndipo pa kukaa: Kristo amefufuka, limbuko lao waliolala. "Limbuko" wakulima wanalielewa kuliko sisi walimu. Walawi 23 inaagiza mganda wa kwanza upelekwe kwa kuhani huku mavuno mengine yangali shambani. Mganda na mavuno ni shamba moja. Kwa hiyo kufufuka kwa Kristo si ajabu lililompata yeye peke yake; mavuno yameanza, na sisi tumo.

Kosa linalorudiwa sana ni kufundisha kwamba roho hupaa na mwili hutupwa, basi. Paulo anasema mwili hupandwa kama mbegu, ukafufuliwa. Ukikosea hapo, Ijumaa asubuhi huna la kusema, maana mwili usio na kesho nani atauheshimu leo? Soma 1 Wakorintho 6:13-14.

Mama Mlezi
Kuhusu wafiwa: wapitie nyumbani kabla ya Alhamisi, uwaombe ruhusa ya kumtaja mama yao. Usiwaambie "msilie". 1 Wathesalonike 4:13 inakataza huzuni isiyo na matumaini, machozi haiyakatazi. Yesu mwenyewe alilia kwa Lazaro. Wala usikipambe kifo kwa "Mungu alimpenda zaidi". Maandiko yanakiita adui, adui wa mwisho (1 Wakorintho 15:26).

Na usimlinganishe Lazaro na Yesu. Lazaro alitoka amefungwa sanda mikono na miguu, watu wakamfungua, kwa kuwa alirudi kwenye maisha haya haya ya kufa. Kaburini mwa Yesu vitambaa vimelala, na leso ya kichwani imezongwa-zongwa peke yake (Yohana 20:7). Hakuna aliyemfungua. Waonyeshe leso ile, watu wataona tofauti.

Mwanajumuiya
Nashukuru sana. Hiyo Ijumaa asubuhi niiseme vipi isiwe maneno ya jumla?

Katekista
Sura ya 15 inaishia na "taabu yenu siyo bure katika Bwana". Geuza ukurasa: 16:1-2 ni mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma. Kutoka parapanda ya mwisho hadi akiba, Paulo hapumui.

Kisha Warumi 6:13, kumtolea Mungu viungo vyetu. Gawa vikaratasi, kila mmoja aandike kiungo kimoja cha siku 7, na tendo lenye mtu na siku: "Mikono: Jumamosi nitamchotea bibi wa jirani maji." Anayeandika "nitakuwa mtu mwema" mrudishie, kwa upole. Alhamisi inayofuata anza kwa kuuliza imekuwaje.

Mzee wa Kanisa
Msimu wa Pasaka ni siku 50 hadi Pentekoste, hivyo usirundike yote siku moja. Tomaso mwachie wiki ijayo.

Familia ikiridhia, Jumapili alfajiri nendeni kaburini kwa mama. Wamoravian walianza ibada ya Pasaka makaburini mwaka 1732 kule Herrnhut, Ujerumani, jua likiwakuta wakiimba. Kafyekeni Jumamosi jioni, maana umande wa asubuhi unalowesha wazee. Someni 1 Wakorintho 15:51-57, mwimbe wimbo mmoja alioupenda marehemu, na robo saa yatosha.