Nyuzi za masalia zinanitoa jasho, sweta la mtoto haliishi. Nisaidieni

mama_wawili_njombe

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Mimi nipo Njombe na mnajua huku mwezi wa sita na wa saba kulivyo, asubuhi ukiongea moshi unatoka mdomoni. Nina mtoto wa mwaka na nusu na mwingine yuko njiani, nikasema mwaka huu sinunui sweta nafuma mwenyewe, maana mama mkwe kanipa kiroba kizima cha nyuzi alizobakiza tangu enzi hizo anafuma, kuna za sufu kuna sijui za nini, madonge makubwa madogo yamechanganyikana na vingine ni vipande tu vimeviringishwa. Juu ya hapo nikanunua na masweta mawili ya mtumba nikayafumua.

Sasa jamani hii kazi inanitoa jasho. Kuna uzi wa kijivu mzuri kwa macho lakini kila nikivuta kidogo unakatika, nafunga fundo naendelea, mistari miwili mbele unakatika tena. Kuna wa bluu ndio nilioanzia sweta, umeisha nikiwa kwenye mkono wa pili, nikachukua kipande nikaenda nacho dukani wakanipa bluu ileile, ndani ya nyumba huoni kitu ila ukitoka nje juani unaona kabisa mstari umekatiza mkono. Uzi wa mtumba wenyewe umejikunjakunja, stichi zinatoka zingine kubwa zingine ndogo. Na mwisho kabisa, nafuata video ya mama mmoja wa Kimarekani, kasema sindano namba 8, na mimi ninazo namba 8 za kwangu za siku zote, nikaanzisha idadi ileile ya stichi aliyosema lakini kipande cha mgongo kimetoka kidogo hata hakimfikii mtoto ubavuni.

Naombeni mnieleze, hizi nyuzi zinafaa au nijazie mito tu niende dukani kama watu wengine?

bibi_wa_makete

Mwanangu pole, ila usijazie mto uzi wa sufu, utakuja kulia. Hicho kiroba mwage chote chini kwenye mkeka mchana kweupe, usifanye usiku kwa taa. Huo wa kijivu unaokatika umeliwa na nondo. Nondo mwenyewe hali, anayekula ni kibuu chake, na anapenda sufu, nywele, manyoya, vitu vilivyotoka kwa mnyama. Ukiuangalia donge kwa karibu utaona sehemu uzi umekuwa mwembamba kama umetafunwa, na saa nyingine kuna vumbivumbi kama mchanga au kautando keupe. Ukiona hivyo donge hilo litoe nje mbali na mengine kwanza. Mimi huwa nafungua lote naanika jua kali, nakung'uta, halafu nauvuta kidogo kidogo kwa mikono miwili, panapokatika napaacha pakatike, nabaki na vipande vizima. Vile virefu unafumia kofia au mistari ya rangi, vifupi achana navyo. Sweta zima la uzi ulioliwa usithubutu, utalimaliza vizuri tu halafu siku ya kulifua linatoboka kwapani.

La pili, usichanganye kabla hujajua kila uzi ni wa nini. Kata kipande urefu wa kidole, kishike kwa kibano, toka nje uwashe kiberiti. Sufu inawaka kwa shida na ukitoa moto inazima yenyewe, inanuka nywele zilizoungua, majivu yake ukiyabonyeza yanasagika. Pamba inawaka haraka kama karatasi na inanuka karatasi. Ule wa kiwandani, akriliki, unayeyuka, moshi mweusi, unaacha kidonge kigumu, usikiguse kikiwa moto. Nakwambia hivi kwa sababu ukifuma mstari wa sufu na mstari wa akriliki halafu dada wa kazi akaloweka kwenye maji ya moto, sufu itaganda na kusinyaa, akriliki itabaki vilevile, sweta litakuwa na mikunjo ambayo pasi haiondoi.

Wanjiku_wa_Kinangop

Sasa dadangu, mimi niko Kinangop na huku pia baridi si ya kuchezewa, mitumba ya kufumua tunaijua sana. Shida yako inaanzia sokoni. Ukishika sweta igeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavu. Ukiona imekatwa na kupigwa ovaloki, rudisha, usinunue hata ukiambiwa ni bei ya kutupa, hiyo kitambaa ilifumwa kubwa ikakatwa na makasi, kwa hivyo kila mstari ni kauzi kamoja kafupi, ukifumua utapata tambi tupu. Tafuta ile mshono wake ukiufungua kando yake inakuja nzima kama mnyororo, hiyo kila kipande kilifumwa kwa shepu yake. Pia ile sufu imeshafuliwa na maji moto ikashikana wachana nayo, haifumuki. Na zile za manyoya manyoya pia, utavuta mpaka ukasirikie watoto.

Ukifika nyumbani fungua mishono kwanza, mikono peke yake, mgongo peke yake. Halafu anza kufumua kutoka juu, upande wa shingo, pale walipomalizia. Ukianza na chini inakwama tu.

Ile kujikunjakunja ndio rahisi kabisa. Unapofumua usiviringe donge, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ukimaliza funga hiyo shada mahali nne na kauzi ka rangi ingine bila kukaza, toa, loweka kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo kama nusu saa, suuza polepole. Usikamue kwa kusokota, ifinye ndani ya taulo. Ning'iniza kivulini na chini yake uweke hanga moja au kijiko kikubwa iwe uzito kidogo, isiwe jiwe. Sufu ikikauka inakuwa imenyooka unashangaa. Akriliki hainyooki yote lakini inapungua, usiwe na haraka ya kuweka pasi juu yake, akriliki ikipata moto mwingi inalegea inalala na hairudi tena. Mimi huwa naacha mvuke wa sufuria uipitie kwa mbali tu.

chuma_cha_pua

Akina mama mnanichekesha. Muda wa kufumua, kuloweka, kuanika, kuchoma kwa kiberiti... si mtu ukanunue sweta la mtumba la elfu mbili zuri umvalishe mtoto yaishe? Mnafumua sweta ili mfume sweta

bibi_wa_makete

@chuma_cha_pua wewe ukikaa unaangalia mpira masaa mawili kuna mtu kakuuliza umepata nini? Tuache na nyuzi zetu baba.

fundi_koni_mafinga

Niongezee kidogo, mimi ni fundi wa sweta za shule, natumia mashine ila mkono pia najua, mama yangu ndiye kanifundisha.

Dada hapo kwenye bluu duka halikukudanganya. Uzi kiwandani unapikwa rangi kwa mafungu, fungu la leo na la wiki ijayo hayafanani kabisakabisa hata kama jina la rangi ni moja. Ndio maana kwenye ile karatasi ya donge kuna namba mbili, moja ya rangi na nyingine ya loti, yaani fungu lenyewe. Ukinunua mpya chukua madonge yote ya loti moja na karatasi usitupe mpaka umalize. Kwa masalia ambayo karatasi ilishapotea miaka mingi dawa ni hii: usifume mpaka uzi uishe ndio uingize mwingine, hapo ndipo mstari unaonekana. Fuma mistari miwili kwa bluu ya zamani, miwili kwa bluu mpya, unapishanisha hivyo kuanzia pale ulipo, jicho halitakamata mpaka. Kwako wewe ambaye mkono mmoja umeshaisha, mimi ningefumua mikono yote miwili nikairudia kwa kupishanisha, kisha na kola nayo hivyohivyo ili ionekane ni makusudi. Au weka kola na ribu za mikononi (ile mistari ya kuvutika pale mwisho wa mkono) rangi tofauti kabisa, njano au nyeupe. Rangi inayokaribia kufanana bila kufanana ndiyo mbaya, ikitofautiana kabisa watu wanaona ni mtindo.

Sindano sasa. Namba zetu huku ni zile za Kiingereza za zamani, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Namba 8 yako ni milimita 4. Namba 8 ya Mmarekani ni milimita 5 na kwao namba ikipanda sindano inanenepa. Kwa hiyo yule mama anafuma kwa sindano nene kuliko yako, lazima kipande chako kiwe kidogo. Achana na namba, angalia milimita. Kwenye hesabu zetu milimita 5 ni namba 6. Na hata ukipata sindano sawa, fuma kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10 upime, usiamini video ya mtu ambaye hajui uzi wako.

Kuhusu unene, chukua penseli zungushia uzi bila kukaza, mizunguko ikae imegusana, kisha hesabu mizunguko ndani ya inchi moja. Uzi mmoja ukikupa mizunguko 12 na mwingine 20 hao hawawezi kukaa kwenye sweta moja. Ila ule mwembamba ukiushika mbilimbili ukafuma kama uzi mmoja unaweza kumfikia mwenzake. Nyuzi mbili za fo-plai, ule uzi mwembamba, ukizishika pamoja unapata karibu na dabo niti, ule mnene kiasi. Sisi masalia ya koni, yale madonge marefu ya uzi wa mashine, tunashika hata nyuzi tatu nne, na ukichanganya kijivu na nyeusi humohumo inatoka rangi ya mchanganyiko nzuri sana ambayo dukani huipati. Koni zingine zimepakwa mafuta au nta zisikwame kwenye mashine kwa hiyo zinakuwa na kaharufu, ukifua inaisha.

mama_wawili_njombe

Jamani Mungu awabariki. Nimetoka nje na kiberiti mtoto ananishangaa. Wa bluu ni akriliki, wa kijivu ni sufu kweli imenuka nywele mpaka jirani kauliza. Kumbe zile namba za sindano!! Hakuna mtu aliyewahi kunieleza.

Maswali mawili tena msinichoke. Nitajuaje uzi utatosha kabla sijaanza maana hiki ndicho kinachonivunja moyo, unafika shingoni uzi kwisha. Na vile vipande vidogo vya rangi rangi nilitaka nivifumie soksi za kichanga kijacho, zile za mistari mistari, ni sawa?

fundi_koni_mafinga

Mizani. Kama huna nenda kwa mwenye duka la mtaani akupimie, mimi nilikuwa napimiwa kwa anayeuza sukari. Pima sweta la mtoto linalofanana na unalotaka, la uzi unaolingana unene, likiwa gramu 150 na wewe una gramu 120 ujue mapema kola na ribu zitatoka kwenye rangi nyingine. Pia uzi ukiwa kidogo usianze na mgongo. Anza na mikono, yote miwili kwa pamoja kwenye sindano moja, kila mmoja na donge lake, hapo hata uzi ukiisha mikono imelingana.

Na ukifika mwisho wa donge, hujui kama mstari mwingine utatimia, kunja uzi uliobaki nusu kwa nusu weka fundo la kufunguka pale katikati. Fuma mstari mmoja. Ukifika mwisho kabla ya fundo, wa pili unatosha. Ukilifikia fundo njiani basi badilisha uzi sasa hivi, pembeni, usibadilishe katikati ya kifua.

shani_kroshia_dar

Mimi ni wa Dar huku sweta tunaziona kwenye makabati tu 😂 nafuma vitambaa vya makochi na nguo za watoto kwa kroshia, ila kwenye soksi za kichanga naomba niseme. Mistari mistari inamaanisha ndani ya soksi kuna miisho ya nyuzi mingi, na ukibeba uzi wa rangi nyingine kwa ndani unaacha vitanzi. Kidole cha mguu cha mtoto mchanga kinaingia humo, uzi unajizungusha, damu haipiti, na mtoto analia tu wewe unadhani ni tumbo. Hii ipo kabisa sio hadithi, na glavu za vichanga ni vilevile. Kwa hiyo soksi fuma rangi moja, ikibidi rangi ya pili iwe kwenye ribu juu ya kifundo tu, miisho uichomeke vizuri kwa sindano ya kushonea kwenda na kurudi kama sentimita 5, na kabla ya kumvalisha geuza ndani nje uangalie kila siku. Mafundo usiweke kabisa, nyayo laini zile.

Kuunga bila fundo: sufu ya kawaida, zile ambazo hazijawekewa dawa ya mashine ya kufulia, chambua ncha mbili, lowesha kwa maji kidogo, zilaze pamoja usugue kati ya viganja kwa nguvu mpaka zipate joto, zinashikana zinakuwa uzi mmoja. Akriliki haishikani hivyo hata usugue mpaka kesho, hiyo laza nyuzi mbili pamoja fuma stichi saba nane na zote mbili halafu endelea na mpya.

Vipande vya rangi rangi vitunzie blanketi, viraba viraba vya kroshia, kila kiraba kikimaliza kipande chake. Mzunguko wa mwisho wa viraba vyote weka rangi moja, nyeusi au krimu, inavituliza. Ila uzi mwekundu wa pamba ujaribu kwanza, lowesha uufinye kwenye kitambaa cheupe, ukichuja usiuweke karibu na krimu yangu 😅

Wanjiku_wa_Kinangop

@shani_kroshia_dar hiyo ya kidole ni kweli, hata kliniki ya hapa kwetu tuliambiwa.

@mama_wawili_njombe hiyo kijivu ya nondo kabla uilete ndani tena, kama kuna mtu mwenye friza iweke humo kwa mfuko uliofungwa vizuri wiki mbili hivi. Jua linasaidia lakini mayai huwa yanajificha ndani ya donge. Na kiroba chenyewe choma.

mama_wawili_njombe

Kiroba nimeshachoma. Friza iko kwa jirani ambaye anauza samaki, naenda kumwomba kesho ila sijui nitamwelezaje kwamba nataka kuweka uzi.

bibi_wa_makete

Mwambie utamfumia kofia. Mtu wa samaki asubuhi ya mwezi wa saba hawezi kukataa kofia.