Tishu inaloa uso mzima lakini ngozi inakakamaa: hii ni aina gani ya ngozi?

binti_mikindani

Habari wakuu. Nimefanya kipimo cha tishu: kunawa, kukaa saa moja bila kupaka kitu, halafu kuibandika usoni. Inaloa kila mahali, paji, mashavu hadi kidevu, kwa hiyo nahesabika mwenye ngozi ya mafuta. Ila nikimaliza kunawa uso unavuta na kukakamaa, na upepo wa kusi ukivuma mwezi wa sita mashavu yanapauka na kutoa ungaunga. Kwenye paji kuna vipele vidogo vinavyowasha. Nanawa kwa sabuni ya kipande mara tatu kwa siku, kisha napaka limau kukata mafuta. Je, mimi ni wa mafuta au mkavu? Na nipake nini?

kusi_na_kaskazi

Dada, ulichopima ni jasho. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, hasa kuanzia Desemba mpaka Machi, tishu italoa hata kwa mtu mwenye ngozi kavu kabisa. Rudia hivi.

Kwanza acha limau na hiyo sabuni kwa wiki mbili, la sivyo utakuwa unapima sabuni badala ya ngozi. Sabuni ya kipande ina pH (kipimo cha uasidi; namba ikishuka, asidi inazidi) ya 9 mpaka 10, wakati ngozi ya uso iko karibu na 5. Ukiosha nayo mara tatu inabeba hata yale mafuta yanayozuia maji ya ngozi yasipotee, ndiyo maana uso unavuta. Na kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, sabuni haitoi povu vizuri, inaacha utando unaozidisha kukakamaa. Suuza mara mbili, ya mwisho kwa maji ya mvua au ya bomba ukiyapata.

Siku ya kupima, pima alfajiri kabla hujaingia jikoni. Nawa mara moja kwa sabuni laini, futa kwa kugusagusa, kaa penye hewa dakika 30 hadi 60. Feni isikupulize usoni, nayo inakausha. Kata tishu vipande vitano: paji, pua, kidevu na mashavu mawili. Kandamiza kila kimoja kwa sekunde kumi bila kusugua, kisha vianike kivulini robo saa. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wanasoma tishu papo hapo. Jasho likikauka karatasi inarudi ilivyokuwa. Mafuta hayakauki: ukiinua kipande kwenye mwanga utaona doa linalopitisha mwanga, kama karatasi iliyofungia vitumbua.

Doa kwenye vipande vyote vitano, ngozi ni ya mafuta. Kwenye paji, pua na kidevu tu, ni mchanganyiko. Hakuna doa na uso unavuta, kavu. Hakuna doa na uso umetulia, kawaida. Watu huongeza "nyeti" kama aina ya tano, lakini unyeti unaweza kukaa juu ya aina yoyote kati ya hizo nne. Rudia kipimo wakati wa kusi, maana majibu hubadilika kwa msimu.

Kwa maelezo yako nabashiri mchanganyiko uliochokozwa na sabuni, lakini subiri tishu iseme.

duka_la_dawa_masasi

Naongezea kwenye limau. Maji yake yana pH ya karibu 2, na kuna kemikali ndani yake ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi. Kwenye ngozi nyeusi huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi, halafu mtu anatafuta krimu ya kuliondoa na hapo mkorogo unaanza. Limau libaki kwenye samaki.

Hivyo vipele vya paji visiitwe chunusi haraka. Vikiwa vimelingana ukubwa, vinawasha, na hakuna vichwa vyeusi katikati yake, mara nyingi ni fangasi wa vinyweleo. Hupenda joto, jasho, na mafuta ya nywele yanayoshuka kwenye paji. Dawa ya chunusi haivimalizi, na vidonge vya antibayotiki vinaweza kuvizidisha. Kinachosaidia ni shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2: paka povu lake kwenye paji lililolowa, acha dakika tano, suuza, mara tatu kwa wiki kwa wiki tatu au nne. Funga macho vizuri.

Usipake krimu za steroidi kama betamethasoni au klobetasoli hata jirani akisema zilimsaidia. Siku za mwanzo mwasho unatulia na uso unang'aa, huku fangasi anasambaa chini kwa chini. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, inatoa chunusi, na ukiacha ghafla inawaka moto.

mkorosho_tandahimba

Mwezi wa sita, wa saba, si kusi peke yake. Ndiyo kipindi cha kupuliza salfa kwenye mikorosho. Unga ule hukausha ngozi, na ukichanganyika na jasho shingoni na mashavuni unachoma. Kama mnaishi karibu na mashamba, usiufute kwa kitambaa kikavu, unausugulia ndani. Mwaga maji mengi kwanza, sabuni baadaye. Anayepuliza avae mikono mirefu na afunike uso.

Utomvu wa ganda la korosho ni habari nyingine: unababua kweli. Anayebangua asijiguse uso kabla ya kunawa kwa sabuni na maji mengi. Ngozi ikichunika hapo, usianze kujiuliza kama ni kavu au ya mafuta. Hiyo ni kuungua.

binti_mikindani

Asanteni sana. Vipi mafuta ya nazi usoni, na liwa? Na mashavu wakati wa kusi nipake nini?

kusi_na_kaskazi

Mafuta ya nazi ni mazuri mwilini, hasa miguuni na viwikoni. Usoni huziba vinyweleo kwa wengi, na wewe mwenye vipele vya paji yaache kabisa. Liwa haina shida kama imesagwa safi bila kuongezewa manukato, ila usiiache mpaka ipasuke, inavuta unyevu ikitoka. Dakika kumi, ioshe ingali mbichi kidogo.

Mashavuni anza na gliserini, usiipake kavu kavu. Kijiko kimoja cha chai kwa vijiko vitatu vya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Tengeneza ya siku mbili tatu tu kwa sababu huharibika. Paka ndani ya dakika tatu baada ya kunawa, uso ukiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando usoni sishauri.

duka_la_dawa_masasi

Hapo kwenye mafuta ya mgando tutofautiane kidogo, mkuu. Yenyewe hayaingii kwenye vinyweleo. Ubaya wake ni kuyapaka mchana wa joto, yanafungia jasho na vumbi. Usiku wa kusi, kiasi cha punje ya mahindi kwa mashavu yote mawili, juu ya ile gliserini, yanafanya kazi kuliko losheni nyingi za bei. Paji, pua na kidevu yasiguse.

Kunawa iwe asubuhi na usiku. Mchana maji matupu yanatosha. Krimu ya kukinga jua ya SPF (kiwango cha kinga) 30 kila asubuhi, uipange urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo. Ukipaka chini ya hapo hupati kinga iliyoandikwa kwenye chupa. Rudia kila saa mbili ukiwa juani. Zenye zinki huacha weupe kwenye ngozi nyeusi, basi jaribu kwenye taya kabla ya kununua.

Halafu hayo mashavu yanayopauka, yaangalie kwenye mwanga. Ukavu hauna mpaka unaoonekana. Ukiona baka lenye mpaka, limepauka, na unaligusa kwa ncha ya pamba bila kuhisi kitu, acha krimu zote uende kituo cha afya wakapime ukoma. Unatibika, na dawa zake hutolewa bure.

binti_mikindani

Nimejaribu pamba sasa hivi, nahisi kote. Limau limeshaenda jikoni. Tishu baada ya wiki mbili, nitaleta majibu hapa.