Mafundi wa Nakuru, kwilti si sketi ya shule!

Wadau, leo mori umenipanda na sitaongea kwa upole. Kuna fundi hapa mjini, jina lake naliacha, nilimpelekea kwilti, yaani blanketi la viraka, ya kitanda kikubwa. Viraka vya kitenge nimekata na kuunganisha mwenyewe, pamba iko katikati, kitambaa cha nyuma kipo, na mishono ya kushikilia tabaka zote tatu imeshapigwa. Kilichobaki kilikuwa kufunga kingo tu, yaani kuzizungushia utepe wa kitambaa. Cherehani yangu ya nyumbani ikifika kwenye unene huo inaruka mishono, ndiyo maana nikatafuta mwenye mashine nzito.

"Mama, hiyo ni kazi ya nusu saa," akaniambia. Na kweli akaifanya kazi ya nusu saa.

Tuanze na kitambaa. Alinilipisha yadi 3 za kitenge za kukatia utepe. Sasa nipigieni hesabu. Kwilti yangu ni inchi 90 kwa 100, kwa hivyo mzunguko wake ni inchi 380. Ongeza inchi 12 hivi za kona na za kuunganishia ncha. Kitenge kina upana wa kama inchi 45. Ukikata vipande vya inchi 2 na nusu, vipande 10 vinakutosha, na hivyo vyote vinakula inchi 25 za kitambaa. Yadi moja ina inchi 36! Zingine zilienda kushona nini? Nilipomwuliza eti ni lazima kitambaa kikatwe mshazari kwa sababu "bayasi inavutika", bayasi ndiyo hicho kilichokatwa mshazari. Fundi, mshazari unauhitaji pale penye mviringo. Kwilti yangu ina pande nne zilizonyooka kama reli.

Kilichonimaliza ni kwamba hata hicho kitenge hakukitumia. Amenizungushia utepe wa satini, ule wa poliesta unaofungiwa zawadi, akaukunja juu ya ukingo na kupiga mshono mmoja akitarajia ushike mbele na nyuma kwa pamoja. Mbele umeshika. Nyuma umekosa sehemu nyingi, hata kidole kinapita. Nilipoifua, pamba na vitenge vikarudi kidogo kama kawaida yake, satini ikakataa kurudi, sasa ukingo mzima umekuwa mawimbi. Na kuipiga pasi siwezi, kwa sababu moto unaonyoosha pamba unaichoma satini.

Halafu kona. Jamani, kona! Amekata utepe kila upande ulipoishia, akashindilia ncha ndani, akashona juu yake. Nina vinundu vinne vigumu kama kokwa za embe.

Na si kazi ya siri hii. Utepe unakunjwa katikati kwa urefu, unapigwa pasi, ili ukingo uwe na kitambaa mara mbili, maana hapo ndipo panaposuguliwa kila siku. Unauanzia katikati ya upande, kamwe si kwenye kona, na unaacha mkia wa inchi 10 hivi bila kushona. Kingo mbichi za utepe, zile zisizokunjwa, zinalingana na ukingo wa mbele wa kwilti, mshono unakaa robo inchi ndani. Ikibaki robo inchi ufike kwenye kona, simama, kata uzi. Kunja utepe uelekee juu, upate mkunjo wa digrii 45, kisha urudishe chini ulale sawa na upande unaofuata, na uanze kushona kutoka juu kabisa. Ukiugeuza nyuma, kona inajichonga yenyewe. Mikia miwili ikikutana mwishoni inaunganishwa kwa mshazari ili unene usirundikane mahali pamoja. Nyuma unamalizia kwa sindano ya mkono, mishono midogo isiyoonekana.

Nilipomrudishia, unajua alijibu nini? "Mama, si itaingia chini ya godoro?" Kwilti haichomekwi kama shuka, fundi! Inaning'inia pande zote, mgeni akiingia anaona ukingo kabla ya kitu kingine chochote. Pesa hajarudisha. Simu sasa hashiki.

NYONGEZA: Naona majibu hapo chini. Anayesema nataka kazi ya bure, hapana. Inchi 380 ni karibu futi 32 za kushona kwa mkono, na anayezishona vizuri alipwe vizuri, mimi wa kwanza. Ninachokataa ni kulipishwa ya mkono nikapewa ya kukimbiza. Anayeuliza kwa nini tabaka la juu lilijikunja hata pale mshono ulipokaa sawa: meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, cha juu kinabaki nyuma. Kuna mguu maalumu wa cherehani unaovuta tabaka la juu pia. Asiye nao apige pini kwa karibu na aende polepole, lakini huyu wetu alikuwa anawahi sare za shule.

Sasa nafumua. Anayeijua kazi hii, awe Section 58, Lanet au hata Njoro, aniwekee hapa picha za kona alizowahi kufunga, mbele na nyuma. Za katikati asijisumbue, katikati nimeshona mimi.