Kisukari cha mimba: kuanzishiwa uchungu wiki ya 38, kusubiri, au kisu?

MamaKijacho_Dar
Habari za jioni wapendwa. Ni mimba yangu ya pili, wiki 37 na siku 4. Kisukari cha mimba kiligundulika wiki ya 26 nilipokunywa ile glukosi ya gramu 75: kabla ya kunywa 5.4 (milimoli kwa lita), baada ya saa mbili 8.9. Situmii dawa, ni chakula na kutembea. Ugali nimepunguza hadi ngumi moja, chapati nimeziaga. Asubuhi nasoma 4.8 hadi 5.1, saa moja baada ya kula haizidi 7.5.

Daktari mmoja ameandika kwenye kadi nianzishiwe uchungu Jumatatu, nikitimiza 38. Mwingine wa kliniki hiyohiyo anasema nisubiri hadi 40. Mama mkwe anasema bora kisu, yaishe. Wa kwanza nilimzaa kwa njia ya kawaida, kilo 3.6. Mliopitia mlichagua nini? Usingizi sipati.

Mkunga_Mstaafu
Mwanangu, hongera, hizo namba umezifanyia kazi. Nimekaa leba miaka 27. Anayejishikilia kwa chakula na anayechoma insulini huku sukari ikipanda hawawekwi kapu moja. Madaktari wa uzazi wa Marekani wanasema wa chakula tu asianzishwe kabla ya wiki 39 kamili, na anaweza kwenda hadi 40 na siku 6. Wa dawa ambaye sukari imetulia, ndani ya wiki ya 39. Sukari isiyoshikika ndiyo inayozungumziwa 37 au 38. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2011, lilisema kama kisukari cha mimba ndicho tatizo pekee, kuanzisha uchungu kabla ya wiki 41 hakupendekezwi.

Kwa hiyo 38 kwako sioni msingi wake, labda daktari ameona jambo lingine: presha, maji mengi, mtoto mkubwa. Muulize akwambie. Na nijibu hili: ultrasaundi ya kwanza ulipiga wiki ya ngapi?

BintiMvita
Dada, mimi nilianzishwa 38 na siku 1, mimba ya kwanza, mlango wa kizazi umefunga kabisa. Usiku wakaniwekea puto, ule mrija unaojazwa maji, wakaubandika pajani kwa plasta. Kila nikijigeuza unavuta. Alfajiri likatoka, mlango umefunguka sentimita 3. Nikatundikiwa dripu ya uchungu, saa kumi na nne, nikaganda kwenye 6, nikapelekwa thieta. Picha ilisema mtoto ana kilo 3.6, alipopimwa ni 3.1. Akageuka manjano, siku nne chini ya taa, namtazama tu kwenye kile kisanduku macho yamefungwa kitambaa. Sukari yangu ilikuwa nzuri kama yako. Ningesubiri.

MamaWatatu
BintiMvita pole sana, lakini naomba na upande wangu usikike. Mimi nilisubiri. Baada ya kula nasoma 9, siku nyingine 10. Nilipewa metformini, dawa ya kushusha sukari, ikanitia kichefuchefu nikawa naruka siku, na kituo nilichokuwa nahudhuria hakuna aliyefungua daftari langu la sukari hata mara moja. Uchungu ukaja wenyewe wiki ya 41. Kichwa kikatoka, mabega yakagoma. Mkunga akaita wenzake kwa sauti sijawahi kuisikia, wakanikunja magoti hadi kifuani, mmoja akanibonyeza juu ya kinena. Kilo 4.4. Mkono wa kulia wa mwanangu haukunyanyuka miezi mitano. Leo anashika kalamu, namshukuru Mungu. Kwa hali yangu ile, kungoja lilikuwa kosa.

Nesi_Leicester
Nyote wawili mna haki, na utafiti unaonyesha hivyo. Mwaka 1993 huko Los Angeles walilinganisha wanawake 200, karibu wote wa insulini. Walioanzishwa wiki ya 38 walizaa watoto wakubwa kuliko umri wao asilimia 10, waliosubiri, 23. Upasuaji haukuongezeka. Halafu utafiti wa Italia, Slovenia na Israel, wanawake 425 wa kisukari cha mimba, ukatoka 2017: upasuaji ukakaribiana, asilimia 12.6 kwa walioanzishwa na 11.8 kwa waliosubiri, ila walioanzishwa mapema watoto wao waliugua manjano zaidi. Huku Uingereza kisukari cha mimba kisicho na matatizo mwisho wa kusubiri ni wiki 40 na siku 6.

Kuhusu kisu: kwa wenye kisukari, Marekani wanaanza kukizungumzia uzito ukikadiriwa kilo 4.5 na zaidi. Mshono una maumivu yake, na mimba inayofuata inabeba kovu. Mwenye kovu hapewi vidonge vya misoprostoli kumwanzishia uchungu, kizazi kinaweza kupasuka.

MamaKijacho_Dar
Nimerudi. Mama Mkunga, shikamoo, swali lako limeniokoa. Nilipiga picha ya kwanza wiki ya 10, karatasi ilikuwa ndani ya Biblia. Leo kwa hedhi ya mwisho ni 38 kamili. Kwa picha ile ni 36 na siku 5. Hedhi yangu ilikuwa inaruka, nilitaja tarehe ya kukisia. Nilipompa daktari ile karatasi alikaa kimya, akakata ile tarehe ya kwenye kadi kwa kalamu nyekundu. Kumbe leo Jumatatu angetolewa wa wiki 36!

Tumekubaliana nisianzishwe kabla ya 39 ya picha, kliniki kila wiki, nikiona mtoto amepunguza kucheza niende siku hiyohiyo. Ikifika 40 kimya, waanze na puto. Jirani ameniletea dawa ya mizizi ya kuleta uchungu, niinywe?

Mkunga_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Mizizi hiyo mrudishie kwa heshima. Haina kipimo, uchungu wake hushuka kwa mkupuo na mtoto akakosa hewa. Nimepokea waliofika kizazi kimepasuka. Hata vidonge vya hospitali tunavipima kwa mikrogramu 25, tena mtu yuko kitandani anasikilizwa mapigo ya mtoto.

Akizaliwa, mnyonyeshe ndani ya nusu saa, maana watoto hawa sukari huwashuka, watamchoma kisigino kumpima. Usiogope hicho kilio. Na wewe rudi ukapime glukosi wiki ya 6 hadi ya 12, wengi huisahau.

MamaKijacho_Dar
Nimeandika yote nyuma ya kadi. Asubuhi ya leo 4.9. Mizizi mume wangu amerudisha jioni hii.